Trekta Dogo la Dizeli Likigoma Kuwaka: Pima Haya Kabla ya Kufungua Pampu

Mvua za kwanza zikikaribia, swali huwa ni lile lile: "Trekta langu linasumbua kuwaka asubuhi, ninunue pampu mpya?" Usinunue chochote bado. Pampu ya dizeli ni ghali kuliko karibu kila kifaa kinachoizunguka injini hiyo, na ndiyo inayolaumiwa kwanza bila kupimwa. Mara nyingi tatizo liko kwenye betri iliyochoka, waya wa arthi ulioliwa na kutu, filta iliyoziba, au upepo unaoingia kwenye njia ya mafuta. Vyote hivyo mkulima au dereva anaweza kuvipima mwenyewe hapo hapo trekta liliposimama.

Inauma kuona mtu amefungua pampu, ameipeleka mjini, amelipia nauli na matengenezo, kisha trekta linagoma vile vile kwa sababu kosa lilikuwa oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya filta. Kwa hiyo fuata mpangilio huu na usiruke hatua.

Maelezo yanaegemea Massey Ferguson 135 na 240, zenye injini ya Perkins ya silinda tatu na pampu ya dizeli aina ya CAV, kwa kuwa ndizo zilizozoeleka sana mashambani kwetu. Kama lako ni Kubota au trekta jingine dogo lenye hita plagi (plagi za kupasha joto silinda), mpangilio haubadiliki, panapotofautiana nimesema.

Nadharia ni fupi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Pistoni inaibana hewa mpaka inapata joto la mamia ya nyuzi, nozeli inanyunyiza dizeli humo ndani, na dizeli inawaka yenyewe. Ili hilo litokee unahitaji vitu vitatu: injini izunguke kwa kasi, mafuta yafike bila upepo, na hewa ibanwe bila kuvuja. Kila hatua hapa chini inapima kimojawapo.

VITU VYA KUANDAA

- Multimita, hata ile ya bei ndogo.
- Spana za milimita kuanzia 8 hadi 19, na za inchi 5/16, 7/16, 1/2 na 5/8. Matrekta haya yana nati nyingi za inchi. Spana inayocheza itakula kona za nati, na nati ya paipu ya nozeli ikishakuwa duara kazi imeharibika.
- Brashi ya waya na kipande cha msasa.
- Filta mpya ya dizeli pamoja na oringi zake zote. Matrekta mengine yana filta moja, mengine mbili. Hesabu kabla ya kwenda dukani.
- Dizeli safi lita 5 hadi 10 kwenye dumu lisilo na uchafu.
- Hosi ya plastiki inayoonyesha ndani, mita moja au zaidi, na klipu zake.
- Beseni na matambara yasiyoacha nyuzi.
- Fila geji (vibamba vya kupimia nafasi ndogo), kama utafika kwenye vali.
- Msaidizi mmoja wa kupiga stata wewe ukiwa unaangalia.

USALAMA, SOMA HAPA HATA KAMA UNA HARAKA

Funga breki ya mkono, weka gia fri, shusha jembe chini, na hakikisha shafti ya PTO, ile inayozungusha mashine za nyuma, haijaunganishwa. Zuia tairi kwa mawe.

Usipige shoti stata kwa bisibisi ukiwa umesimama mbele ya tairi la nyuma. Ukipiga shoti unaipita swichi inayozuia injini kuwaka trekta likiwa kwenye gia. Likiwaka likiwa kwenye gia, tairi linakupanda kabla hujapata nafasi ya kuruka. Watu wamekufa hivi, tena madereva wazoefu. Kama swichi ya stata imekufa, tengeneza swichi.

Usiweke mkono wala kidole kwenye dizeli inayoruka kutoka nozeli au paipu yake. Inatoka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Tundu linaweza kuonekana dogo kama la sindano na lisiume sana mwanzoni, lakini mafuta yakiingia ndani ya nyama mtu anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Ikitokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaeleze kwamba ni mafuta ya presha, usisubiri livimbe.

Petroli au spray ya etha kwenye njia ya hewa: acha. Etha inawaka mapema, pistoni ikiwa bado inapanda, na inavunja ringi, inapinda hata konrodi. Kama trekta lina hita kwenye manifoldi au lina hita plagi, etha inaweza kulipuka usoni mwako. Zaidi ya hayo, injini iliyozoeshwa etha inaficha ugonjwa wake mpaka unakuwa mkubwa.

HATUA 1: PIGA STATA, ANGALIA MOSHI

Mwambie msaidizi apige stata kwa sekunde 10 hivi, wewe simama pembeni uangalie bomba la moshi. Usizidishe sekunde 15 kwa mara moja, na pumzisha stata angalau dakika moja kabla ya kurudia. Stata nyingi zinaungua kwa sababu ya mtu aliyekasirika na kung'ang'ania ufunguo.

Utaona moja kati ya haya:

Injini inazunguka polepole, unaweza kuhesabu kila mbano. Nenda hatua ya 2 na ya 3. Hata mafuta yakiwa mazuri, injini inayozunguka polepole haipati joto la kutosha.

Inazunguka vizuri lakini hakuna moshi kabisa. Mafuta hayafiki kwenye silinda. Pitia hatua ya 2 kwa haraka, kisha ya 4 hadi ya 7.

Inazunguka vizuri na inatoa moshi mweupe unaonuka dizeli. Mafuta yanafika ila hayawaki. Shughulika na hatua ya 3, kisha ya 8 na ya 9.

Moshi mweusi mzito. Injini inakosa hewa au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza. Anza na hatua ya 8.

Andika ulichokiona. Utakihitaji tena.

HATUA 2: MAMBO MADOGO YANAYOSAHAULIKA

Kishikio cha kuzimia injini kimerudi ndani kabisa? Waya wake ukikwama, mafuta yanabaki yamefungwa kwenye pampu na hakuna kitakachowaka hata ukipiga stata mpaka jioni. Usitazame kishikio tu: fungua boneti uangalie mkono mdogo kwenye pampu kama kweli unarudi. Matrekta yanayozimwa kwa umeme yana solenoidi. Washa ufunguo usikilize kama inatoa mlio wa "tak". Isipolia, fuatilia fyuzi na waya wake.

Koki ya tangi iko wazi? Kuna mafuta ya kutosha, au yamebaki ya chini yenye uchafu?

Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa "fyuu", tundu la kupumulia limeziba. Vumbi huliziba, na nyigu wa udongo hupenda sana kujenga humo. Lizibue kwa waya mwembamba kisha ujaribu kuwasha tena.

Kama stata haitoi hata mlio, angalia gia ya juu na chini iko fri. Matrekta mengi haya hayaruhusu stata mpaka gia iwe fri.

HATUA 3: BETRI, ARTHI NA NYAYA NENE

Pima betri asubuhi kabla ya kugusa ufunguo. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.4 inafanya kazi. Chini ya 12.2 ichaji kwanza, kwa sababu vipimo vingine vyote utakavyochukua vitakudanganya.

Sasa vuta kishikio cha kuzimia nje ili injini isiwake, na msaidizi apige stata ukiwa umeweka multimita kwenye nguzo za betri. Ikishuka chini ya volti 9.6, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Jaribu na betri nyingine nzima kabla ya kuamua ni ipi.

Betri ikiwa nzima lakini injini bado inazunguka polepole, fanya kipimo hiki ambacho wengi hawakifanyi. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi yenyewe ya betri, si kwenye klempu, na ncha nyingine kwenye chuma safi cha bloku ya injini. Piga stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, arthi ni mbaya. Fanya vile vile kutoka nguzo chanya hadi kwenye boliti kubwa ya stata. Zaidi ya nusu volti, waya huo au viungio vyake vinapoteza umeme.

Dawa yake ni rahisi. Fungua klempu, ukianza na ya arthi. Sugua nguzo na klempu mpaka zing'ae, sugua mahali arthi inapokutana na chasisi, toa rangi na kutu, kaza, kisha paka grisi juu. Paka baada ya kukaza. Grisi katikati ya chuma na chuma haisaidii chochote.

Angalia pia unene wa waya. Waya wa asili wa stata ni mnene kama kidole. Ukikatika, watu hufunga waya wa nyumbani, na trekta linawaka mchana kwenye joto lakini asubuhi linagoma. Waya mwembamba haupitishi umeme unaohitajika hata ukiwa mpya.

Kabla hujaondoka hapa, fikiria oili. Kwa watu wa Njombe, Makete, au Kinangop kule Kenya, mwezi wa 6 na wa 7 oili nzito ya namba 50 inakuwa ngumu usiku, na injini inazunguka kwa shida. Tumia 15W-40.

HATUA 4: MAFUTA YENYEWE

Weka beseni chini ya filta, legeza skrubu ya chini ya bakuli, toa kidogo kwenye chupa inayoonyesha. Acha itulie dakika 10. Maji hukaa chini na kujitenga, uchafu unaonekana. Ukikuta maji, toa mpaka dizeli safi itoke, kisha fungua tangi nalo utoe cha chini.

Maji hayo mara nyingi yanatoka kwenye unyevu wa hewa ndani ya tangi lililoachwa tupu usiku. Jaza tangi jioni baada ya kazi badala ya asubuhi. Na kama unatunza dizeli kwenye pipa, liache litulie siku nzima baada ya kulisogeza, uvute mafuta ya juu, usivute ya chini kabisa.

Nusa pia. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ina harufu kali zaidi, na madhara yake hayaishii kwenye kuwaka. Pampu ya CAV haina oili yake. Inalainishwa na dizeli inayopita ndani, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Uchakachuaji huu umekuwa mkubwa kiasi kwamba Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwaondolea faida wanaochanganya. Ukikuta kituo kinachouza dizeli kwa bei ya ajabu, fikiria bei ya pampu.

Halafu pima mtiririko. Fungua paipu inayotoka kwenye tangi pale inapoingia kwenye fidi pampu, ile pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, na ufungue koki. Kwenye 135 na 240 tangi liko juu ya injini, kwa hiyo mafuta yanapaswa kushuka yenyewe kwa nguvu. Yakidondoka kidogo kidogo, chujio lililo mdomoni mwa koki ndani ya tangi limeziba. Toa mafuta, fungua koki, lisafishe.

HATUA 5: BADILISHA FILTA KWA USAFI

Kama hukumbuki filta ilibadilishwa lini, ibadilishe. Safisha nje kwanza kwa brashi na dizeli ili vumbi lisidondoke ndani. Fungua, toa filta ya zamani na oringi zote za zamani. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea: oringi ya zamani inabaki imeng'ang'ania juu ya kichwa cha filta, mpya inawekwa juu yake, na hapo umejitengenezea tundu la kuingiza upepo. Pitisha kidole kwenye mfereji uhakikishe uko mtupu.

Paka oringi mpya dizeli kidogo, funga, kaza kwa kiasi. Ukikaza kupita kiasi unapinda bakuli au unachana oringi, na itavuja kuliko mwanzo.

HATUA 6: KUTOA UPEPO

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huianza vizuri wakaimaliza vibaya. Utaratibu unaanzia tangini kuelekea kwenye nozeli. Ukianza mwisho, upepo wa nyuma utakufuata.

a) Fungua koki ya tangi na ujaze tangi angalau nusu.

b) Juu ya kichwa cha filta kuna skrubu ya kutolea upepo. Ilegeze mizunguko miwili. Sukuma mkono mdogo wa fidi pampu juu na chini. Mapovu yatatoka pamoja na dizeli. Endelea mpaka itoke dizeli tupu isiyo na povu, kisha kaza ukiwa bado unasukuma. Kama kuna filta mbili, anza na ya kwanza kutoka tangini.

Mkono ukiwa mlegevu na hausukumi chochote, injini imesimama pabaya na kemu imeubana mkono wa ndani wa fidi pampu. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena. Ukibaki hivyo hivyo, diaframu (utando ulio ndani ya fidi pampu) imechanika.

c) Nenda kwenye pampu kubwa. Ubavuni kuna boliti yenye skrubu ndogo katikati yake. Shikilia boliti kubwa kwa spana moja, legeza ile ndogo tu kwa nyingine. Usiigeuze boliti kubwa. Sukuma mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Kisha legeza skrubu iliyo juu ya pampu, kwenye kifuniko cha gavana (kidhibiti kasi ya injini), fanya vile vile. Ile ya juu huchukua muda mrefu kuliko zote, na wengi wanachoka hapo. Usichoke.

d) Rudisha kishikio cha kuzimia ndani, vuta akseleta mpaka mwisho. Legeza nati za paipu za nozeli kwenye upande wa nozeli, mbili kati ya tatu, nusu mzunguko hadi mmoja. Funika kwa tambara, uso mbali. Msaidizi apige stata mpaka dizeli itoke kwenye nati hizo kwa mapigo, bila povu. Kaza. Piga stata tena. Injini itashika kwa silinda moja, itakohoa, kisha zote zitaingia.

Futa dizeli yote iliyomwagika. Si usafi tu: ukiacha pamelowa hutajua kesho panapovuja.

HATUA 7: TAFUTA UPEPO UNAPOINGILIA

Ukitoa upepo leo, trekta likawaka vizuri mchana kutwa, kisha kesho asubuhi likagoma tena, hujatibu kitu. Kuna mahali upepo unaingia.

Kwanza hakikisha ndiyo ugonjwa wenyewe. Asubuhi, kabla ya kupiga stata, sukuma mkono wa fidi pampu mara 20 hivi. Trekta likiwaka papo hapo siku hiyo, jibu umelipata: mafuta yanapotea usiku na upepo unachukua nafasi yake.

Kwa trekta lenye tangi juu, kiungio kibovu hulowa. Jioni kausha kila kiungio kuanzia koki hadi pampu, tandika kadibodi safi chini ya injini, acha koki wazi. Asubuhi soma madoa. Kama una mazoea ya kufunga koki usiku, usifunge siku ya kipimo. Koki ikifungwa, mafuta yanayotoka hayajazwi kutoka tangini, na upepo unavutwa humo kimya kimya.

Kwa trekta ambalo tangi liko chini ya pampu, kiungio kikavu hakimaanishi ni kizima. Hapo hakidondoshi mafuta, kinavuta upepo. Funga kipande cha hosi inayoonyesha kati ya filta na pampu, washa injini, utayaona mapovu yakipita kama yapo.

Kipimo kinachonipendeza kuliko vyote ni cha dumu. Chomoa paipu ya tangi kwenye fidi pampu, chomeka hosi safi kutoka kwenye dumu la dizeli lililowekwa juu kuliko injini, toa upepo, washa. Likiwaka vizuri siku mbili mfululizo kwa dumu, kosa liko kati ya tangi na fidi pampu. Likigoma, kosa liko mbele: fidi pampu, filta, au pampu kubwa. Kwa dumu moja umegawa tatizo katikati.

Sehemu za kushuku kwanza: wosha za shaba zilizotumika mara nyingi, hosi za mpira zilizopasuka chini ya klipu, oringi za filta, na paipu ya chuma iliyosuguana na chasisi mpaka ikatoboka. Wosha za shaba ni za bei ndogo; weka mpya kila unapofungua.

HATUA 8: HEWA NA HITA

Fungua njia ya hewa uangalie. Matrekta haya ya zamani yana kisafishio chenye oili chini yake. Oili ikiwa tope, imwage, osha bakuli, weka mpya mpaka kwenye alama tu. Ukizidisha, injini inaweza kuivuta oili hiyo, ikawaka nayo na kukataa kuzimika. Kwa yenye filta ya karatasi, ikung'ute taratibu au ibadilishe. Usiioshe kwa maji wala dizeli.

Perkins nyingi zina hita ndogo kwenye manifoldi, Thermostart, inayopokea dizeli kidogo na kuiwasha ili kupasha hewa. Geuza ufunguo kwenye nafasi ya hita, shikilia sekunde 15 hadi 20, kisha piga stata. Gusa manifoldi karibu na hita. Isipopata joto, pima kama volti 12 zinafika. Zikifika na bado baridi, waya wake wa ndani umekatika. Hakikisha pia paipu nyembamba inayoipelekea dizeli haijaziba.

Kwa Kubota na wenzake wenye hita plagi, toa waya zinazounganisha plagi na upime kila moja kwa omu hadi bodi. Nzima inasoma karibu na sifuri, omu moja au mbili hivi. Isiyosoma chochote imekatika. Moja ikifa trekta linawaka kwa kutetemeka na moshi mweupe. Mbili zikifa, asubuhi ya baridi halitaki kabisa.

HATUA 9: VALI NA KOMPRESHENI

Ukifika hapa injini inazunguka kwa kasi, mafuta yanafika bila upepo, hewa ni safi, hita inafanya kazi, na bado moshi mweupe. Pima klirensi ya vali, yaani nafasi kati ya vali na mkono unaoisukuma. Kwa Perkins hii ya silinda tatu ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi, kwa vali zote. Vali iliyobana haifungi vizuri, na kompresheni, yaani mbano wa hewa, inavuja humo. Watu hufungua injini kwa oveholi wakati kosa lilikuwa hapa.

Vali zikiwa sawa, washa injini kwa njia yoyote salama, iache ipate moto, fungua kifuniko cha kujazia oili. Ikipuliza moshi mwingi kwa mapigo, ringi zimeisha. Thibitisha kwa geji ya kompresheni ya dizeli. Ya petroli haifai, itapasuka.

BADO LINASUMBUA?

Linawaka vizuri asubuhi, linagoma likiwa na moto. Hii sasa ni dalili halisi ya pampu iliyolika ndani: dizeli ya moto ni nyepesi na inavuja kabla ya kufika kwenye nozeli. Lizime likiwa na moto, funika pampu kwa tambara lililolowa, subiri mpaka ipoe, jaribu. Likiwaka, pampu inahitaji kwenda kwenye benchi ya kupimia pampu. Usimwagie maji baridi pampu ya moto, inaweza kukwama.

Linawaka, linakwenda dakika mbili, linazima. Mafuta yanapita kidogo. Rudi kwenye kifuniko cha tangi na chujio la koki.

Oili ya injini imeongezeka na inanuka dizeli. Zima, usiendelee kulitumia. Diaframu ya fidi pampu imechanika au nozeli inavuja. Tengeneza, kisha mwaga oili yote na filta yake.

Silinda moja haifanyi kazi baada ya kubadilisha nozeli. Angalia kama wosha ya shaba ya zamani ilibaki shimoni na mpya ikawekwa juu yake. Inatakiwa iwe moja tu.

Stata inalia "tak tak tak" bila kuzungusha. Betri au klempu, hatua ya 3.

Limewaka baada ya kuburutwa na trekta jingine, lakini kwa ufunguo haliwaki. Kuburuta kunaizungusha injini haraka kuliko stata, kwa hiyo tatizo ni kasi au kompresheni. Pima betri na nyaya kwanza, kisha vali.

Kama mwisho wa yote pampu inakwenda kwa fundi, ziba midomo ya paipu zote kwa plastiki safi, tia alama ya rangi mahali pampu inapokutana na injini ili taiming (wakati wa kunyunyiza dizeli) isipotee, na mpe fundi maandishi: rangi ya moshi, volti wakati wa kupiga stata, matokeo ya kipimo cha dumu, na kama linagoma likiwa baridi au likiwa na moto.